Walimu Waliobeba Mzigo wa Elimu

Katika habari za mambo yaliyopita twasoma mara nyingi majina ya wakubwa waliotoa amri, lakini majina ya watu waliozitimiza ni nadra kuyasoma. Basi leo twataka kuwakumbuka watu wa namna hiyo, yaani walimu wa vijijini wa Tanzania waliofundisha watu wazima na watoto katika miaka ya 1970. Wengi wao wamekwisha kufariki, na waliosalia ni wazee. Hawakujengewa mnara, tena wengine wao walifanyiwa mzaha kwa uchache wa masomo yao. Sisi twaona ya kuwa mzaha huo haukuwa wa haki, na sababu zetu ni hizi zifuatazo.

Nchi ilipojitawala mwaka 1961, wenye kujua kusoma walikuwa wachache. Hata mwaka 1967, katika kila watu wazima 100, wapatao 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka huo huo Rais Julius Nyerere, ambaye mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule kabla ya kuingia katika siasa, alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Kisha mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya 6 zikachaguliwa kutangulia katika kazi ya kufuta ujinga, nazo ni Mafia, Ukerewe, Kilimanjaro, Pare, Masasi na Mpwapwa. Mwaka 1971 chama cha TANU kikaazimu kwamba kazi hiyo ienee nchi nzima, na itimizwe kabla ya kwisha mwaka 1975.

Naam, azimio lilikuwa jema. Lakini azimio halishiki chaki. Ni nani atakayewafundisha mamilioni ya watu? Walimu wa shule za msingi walifundisha watoto asubuhi, na alasiri wakafundisha wazazi wa watoto wale wale. Nao hawakutosha. Ndipo wakaitwa watu wa kujitolea, wengi wao vijana waliomaliza darasa la saba na kurudi kulima kwao. Malipo yao ya asante yalikuwa shilingi 30 kwa mwezi, na mara nyingi hizo nazo zilichelewa.

Fikirini jinsi kazi ile ilivyokuwa ngumu. Madarasa ya ngumbaru, kama yalivyoitwa, mengi yalikuwa chini ya mti. Kina mama walitoka shambani wamechoka, wakaketi wakiwa na watoto wachanga mgongoni. Mzee mwenye wajukuu alionea haya kushika kalamu mbele ya kijana. Ilimpasa mwalimu kijana kumwamkia mwanafunzi wake shikamoo kwanza, ndipo ampe chaki na kumwongoza mkono. Aliyekosa adabu hiyo aliwapoteza wanafunzi wake, maana mtu mzima hapigwi kengele wala fimbo. Huja kwa hiari yake, akidharauliwa harudi tena. Heshima hiyo hakuna waraka wa serikali ungaliweza kuileta darasani. Ililetwa na mwalimu.

Vitabu navyo vilitungwa kwa kufuata kazi za watu. Wakulima wa pamba walisoma habari za pamba, wenye migomba wakasoma habari za migomba, na wavuvi habari za samaki. Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kuzungumza juu ya afya, katika kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Na matunda ya kisomo yalionekana. Katika kila watu wazima 100, wasiojua kusoma walikuwa 39 mwaka 1975, na 27 mwaka 1977. Mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba wamebaki kama 10 tu.

Wakati huo huo mzigo wa pili uliwekwa juu ya mabega ya walimu. Mwezi wa Novemba mwaka 1974, katika mkutano wa Musoma, iliamuliwa kwamba watoto wote wa umri wa shule wawe shuleni kabla ya mwisho wa mwaka 1977. Mwaka 1974 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kama 1,200,000. Mwaka 1978 walikaribia 3,000,000. Vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wengi kiasi hicho. Basi vijana wa darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu huko huko vijijini kwa muda wa miaka 3. Sehemu moja ya siku walifundisha watoto, na sehemu nyingine walikuwa wanafunzi, wakijifunza kwa redio, kwa masomo ya posta, na kwa wakufunzi. Mwishoni walikaa chuoni majuma machache tu. Vijana zaidi ya 30,000 walipata ualimu kwa njia hiyo.

Wako wanaosema kwamba haraka ile iliharibu elimu, nao hawakosei kabisa. Wahenga walinena, mkamia maji hayanywi. Kijana wa miaka 17 aliyepewa watoto wengi, vitabu vichache na ubao mmoja, hakuweza kufundisha yote yaliyopasa. Lakini wahenga hao hao walinena pia, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Mtoto wa mwaka 1977 hangaliweza kungoja miaka 20 hata vyuo vitoe walimu wa kumtosha. Angalikuwa mtu mzima asiyejua kusoma jina lake.

Kosa basi lilikuwa wapi? Kwa maoni yetu halikuwa kuwaita vijana wale, bali kuwaacha peke yao baada ya kuwaita. Katika miaka ya 1980 nchi iliingia katika dhiki ya uchumi. Vitabu vilipungua, mishahara ikakosa nguvu, na ada ya shule, iliyokuwa imefutwa mwaka 1973, ikarudi. Watoto wengi wakabaki nyumbani hata ada ilipofutwa tena mwaka 2001. Bidii ya mwalimu ni kitu kikubwa, lakini haigeuki kuwa kitabu, wala haijengi darasa. Taifa linalomsifu mwalimu kwa kujitolea na kumnyima chaki limemtwika mzigo mara mbili.

Yafaa kila kijiji kiandike majina ya walimu wake wa ngumbaru na wa shule za miaka ile, na jambo moja ambalo kila mmoja alilitenda. Waliosalia wangali wanaweza kuulizwa, wala tusikawie, maana umri wao umekwenda. Tukiwaendea, tuwaamkie kwa heshima ile ile waliyowapa wazee wetu chini ya mti.