Marie-Anne Gaboury: Mama wa Watoto Wanane katika Nchi Isiyo na Padre

Marie-Anne Gaboury alizaliwa tarehe 15 Agosti 1780, siku ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, huko Maskinongé, Quebec, nchini Kanada. Alipofikia umri wa miaka 12 alifiwa na baba yake, akaenda kutumika katika nyumba ya paroko. Huko aliishi hadi alipokuwa mtu mzima.

Tarehe 21 Aprili 1806 alifunga ndoa na Jean-Baptiste Lagimodière, mwindaji wa wanyama wa manyoya. Kwa desturi ya siku zile, mwindaji alirudi magharibi peke yake, na mke akabaki kwao. Marie-Anne hakukubali kuachwa. Alipanda mtumbwi pamoja na mumewe, akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Ulaya kuweka makao katika Kanada ya magharibi. Nchi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa na wenyeji wake, ambao msaada wao ungekuja kuyaokoa maisha yake.

Mtoto wake wa kwanza, Reine, alizaliwa Pembina mnamo Januari 1807. Wa pili alizaliwa mbugani mwaka 1808: farasi aliyempanda mama huyo mjamzito alitimka kuelekea kundi la nyati, na baada ya kuokolewa alijifungua mwana siku hiyo hiyo. Jumla walijaliwa watoto wanane.

Mwaka 1811 familia ilihamia bonde la Mto Red. Mnamo Oktoba 1815 Jean-Baptiste alitumwa Montreal kupeleka barua kwa Lord Selkirk, mwanzilishi wa makazi yale, akasafiri majira yote ya baridi. Akiwa mbali, tarehe 19 Juni 1816, Gavana Robert Semple na watu wake wapatao 20 waliuawa katika mapigano ya Seven Oaks. Marie-Anne na watoto wake walipewa hifadhi na Peguis, chifu wa Wasaulteaux.

Tangu alipoondoka Quebec hakuwa na paroko wala Misa ya Dominika. Ilipofika Julai 1818, Padre Joseph-Norbert Provencher na mwenzake waliwasili, wakaanzisha misheni ya Saint-Boniface. Watoto wengi waliletwa wabatizwe, lakini wanawake Wakristo walikuwa adimu mno. Hivyo Marie-Anne akawa msimamizi wa ubatizo wa wengi wao.

Binti yake Julie ndiye aliyemzaa Louis Riel, kiongozi mashuhuri wa Wametis. Marie-Anne alifariki Saint-Boniface tarehe 14 Desemba 1875, akiwa na umri wa miaka 95.

Hatumtaji hapa kama mtakatifu aliyetangazwa na Kanisa. Tunamtaja kwa sababu padre alipofika, alimkuta mwamini aliyekuwa tayari kuwasimamia wengine. Katika vigango vyetu vingi padre hufika kwa nadra, na watoto hujifunza Ishara ya Msalaba kwa mama au bibi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano umeiita familia Kanisa la nyumbani. Basi tujiulize: kama padre asingefika kwa miaka 12, angekuta nini nyumbani mwetu?