Majina Yaliyofichwa Baada ya Vita

Wanafunzi wetu wanaposoma habari za maangamizi ya Wayahudi, aghalabu huishia mwaka 1945, kana kwamba kufunguliwa kwa kambi kulimaliza mambo. Sisi tunaona kuwa hapo ndipo linapoanza swali jingine: aliyenusurika alilifanyia nini jina lake?

Nchini Poland, Myahudi aliyepata hati za kughushi wakati wa vita alijiita kwa jina la Kikristo, akakariri sala za Kikatoliki, na kuichunga lafudhi yake isimsaliti. Vita barani Ulaya vilikwisha Mei 1945, lakini wapo ambao hawakuyaacha majina hayo. Nani angewalaumu? Tarehe 4 Julai 1946, mjini Kielce, raia, askari na polisi waliwaua Wayahudi 42 kwa uzushi kwamba wamemteka mtoto. Makumi ya maelfu walihama nchi. Kwa waliobaki, jina la bandia lilikuwa bado ni kinga, na wengine hawakuwaambia hata watoto wao.

Hata waliokimbilia mbali walificha. Josef Korbel, mwanadiplomasia wa Chekoslovakia, alikimbilia Uingereza mwaka 1939, na huko familia yake ikawa ya Kikatoliki. Binti yake, Madeleine Albright, alikuja kujua asili yake mwaka 1997, akiwa tayari Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, pamoja na habari kwamba watatu kati ya babu na bibi zake waliangamia.

Lakini kisa kinachotugusa zaidi sisi watu wa lugha ni cha Yehiel Dinur, aliyenusurika Auschwitz. Huko Israeli hakuhitaji kuficha Uyahudi wake. Hata hivyo, vitabu vyake alivitia saini ya Ka-Tzetnik 135633, yaani mfungwa wa kambi na namba yake. Wasomaji hawakumjua ni nani hadi Juni 1961, alipoitwa Jerusalem kutoa ushahidi katika kesi ya Adolf Eichmann. Aliulizwa sababu ya kujificha nyuma ya jina hilo. Darasani tungeliita lakabu. Yeye alikataa, akasema hilo si jina la kalamu. Alizungumza kwa dakika chache, kisha akaanguka na kuzirai mbele ya mahakama. Ushahidi wake haukumalizika.