Vitabu Vilivyomsumbua Newman

Wako wakristu wanaodhani kwamba shaka ni ugonjwa wa imani na kitabu ni dawa yake: mtu akisumbuka rohoni, umpe kitabu kizuri, naye atapona. Wengine wasema kinyume: vitabu vingi ndivyo viletavyo mashaka, afadhali mtu ashike katekisimu na kunyamaza. Twataka kueleza hapa habari za mtu mmoja ambaye maisha yake hayapatani na maneno ya hawa wala ya wale. Ndiye John Henry Newman, aliyezaliwa London mwaka 1801. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2019, na Papa Leo XIV akamtangaza Mwalimu wa Ekleziya mwaka 2025.

Alipokuwa na miaka 14 alisoma maandiko ya Paine ya kupinga Agano la Kale, na insha za Hume. Mwaka 1816 mwalimu wake, Walter Mayers, akamwongoza na kumpa vitabu vya dini, na moyo wa kijana ukamgeukia Mungu kabisa. Lakini tuangalie vizuri alivyosoma siku zile. Kitabu kimoja kilikuwa historia ya Ekleziya ya Joseph Milner, na ndani yake mlikuwa na vipande virefu vya Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Ambrosio, akavipenda mno. Kingine kilikuwa cha Thomas Newton juu ya unabii, nacho kilimfundisha kwamba Papa ndiye Mpinga-Kristu. Vyote viwili viliandikwa na wakristu, vyote alivisoma katika majira yale yale na kwa ibada ile ile. Cha kwanza kilimfungulia njia. Cha pili kiliacha doa katika mawazo yake hata mwaka 1843, kwa ushuhuda wake mwenyewe. Basi tusiseme upesi kwamba kitabu cha dini hakiwezi kudhuru.

Akawa mwalimu katika Oxford, na padri wa Kianglikani. Mwaka 1828 alianza kuwasoma Mababa wa Ekleziya kwa utaratibu, tangu Mtakatifu Inyasi wa Antiokia na Mtakatifu Yustino. Mwaka 1831 rafiki zake na wanafunzi wake wakampa zawadi ya vitabu 36 vya Mababa. Alivifurahia sana, maana alitafuta silaha: alitaka kuonyesha kwamba Ekleziya ya Uingereza yashika njia ya katikati, kati ya Waprotestanti na Roma, na kwamba njia hiyo ndiyo Ekleziya ya zamani yenyewe.

Ndipo silaha zikamgeukia. Katika likizo ya mwaka 1839 alisoma habari za Wamonofisiti, waliosema kwamba Kristu ana tabia moja tu, na habari za Konsilio la Kalsedoni la mwaka 451. Alikuta nini? Upande mmoja aliona wafuasi wa Eutike, wakali wa uzushi ule. Upande mwingine aliona Papa Leo, aliyesimama pale pale anaposimama Papa wa siku zetu. Na katikati aliona kundi la watu wapole waliotaka kupatanisha, wasiwe huku wala huko. Nao walikuwa nje ya Ekleziya. Newman akajitambua katika kundi lile la katikati.

Mwisho wa likizo ile, rafiki mmoja akamletea makala ya Nicholas Wiseman juu ya Wadonati. Hao walikuwa wakristu wa Afrika ya Kaskazini waliojitenga baada ya dhuluma ya Diokletiano. Walikuwa na maaskofu wengi, na makanisa, na sakramenti. Lakini walikuwa peke yao. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo (ndio mji wa Annaba katika Algeria), aliwajibu kwamba Ekleziya iliyoenea ulimwenguni pote yahukumu kwa usalama juu ya sehemu moja inayojitenga. Newman alikuwa amekwisha kujua habari za Wadonati, na mara ya kwanza makala ile haikumgusa sana. Rafiki yake ndiye aliyemrudishia neno lile la Augustino, akilirudia, hata likamchoma. Kumbe mwenye elimu wa Oxford alitikiswa na Mwafrika aliyekufa mwaka 430! Na mwaka 1841, alipokuwa akitafsiri maandiko ya Mtakatifu Atanasio wa Alexandria, aliona jambo lile lile tena katika habari za Waario. Waseminari wanaonung'unika kwamba Mababa ni mambo ya Wazungu, wayakumbuke haya.

Sasa alifanya nini na shaka lake? Hakulikimbia, wala hakulitii siku ile ile. Aliogopa kwamba labda akili yake yamdanganya. Miaka sita ilipita. Mwaka 1842 alihamia Littlemore, kijiji kilicho karibu na Oxford, akakaa huko na vijana wachache katika sala, kufunga na kusoma. Mwaka 1843 alifuta hadharani maneno makali aliyokuwa ameandika juu ya Roma, kisha akaacha parokia yake na mimbari yake. Jambo hili latuhusu sana sisi tunaofundisha wengine. Alisoma na kuuliza chumbani, lakini hakutaka kusimama mbele ya watu na kufundisha asilolisadiki tena. Ilimgharimu kazi, jina na rafiki.

Neno «shaka» katika usemi wetu labeba mizigo miwili. Katekista akiulizwa na mtoto namna gani Nafsi tatu ni Mungu mmoja, naye akashindwa kueleza, hakuacha kusadiki. Ameona ugumu tu. Newman alitenga mambo haya mawili katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1864. Magumu alibaki nayo hata uzee. Shaka lake la miaka ile sita halikuwa juu ya Mungu, bali juu ya mahali Ekleziya ya Kristu ilipo. Nalo lilikwisha usiku wa tarehe 8 Oktoba 1845, alipofika Littlemore Padri Dominiko Barberi, Mpasionisti wa Italia, aliyekuwa amelowa mvua. Padri alikuwa akijikausha penye moto, Newman akaingia, akapiga magoti, akaomba kupokelewa. Kitabu alichokuwa akiandika juu ya ukuaji wa mafundisho alikiacha bila kukimaliza.

Lakini vitabu peke yake havikumfikisha. Rafiki zake wakubwa, Keble na Pusey, waliwasoma Mababa wale wale; tena Pusey alisimamia tafsiri yao kwa Kiingereza, akianza mwaka 1838 na Maungamo ya Augustino. Wote wawili walikufa Waanglikani. Walikuwa watu wa sala, na sisi hatuwezi kupima neema ya Mungu kwa kuhesabu kurasa. Mwezi wa Septemba 1865 watatu hao walikutana mezani nyumbani kwa Keble, katika kijiji cha Hursley, baada ya miaka 20 hivi. Newman alipofika mlangoni, yeye na Keble hawakutambuana.