Mtamba Hauzwi Kwanza: Hesabu ya Mfugaji wa Kajiado

Kwa takribani karne nzima wafugaji wa Kajiado wamelaumiwa kwa jambo moja, kwamba hawataki kuuza ng'ombe. Maofisa wa kikoloni waliandika hivyo, wataalamu wa miradi ya miaka ya 1960 wakarudia, na hadi leo ukame ukinyemelea, mfugaji huambiwa apunguze mifugo kabla mambo hayajaharibika. Mwaka 1926 Mmarekani Melville Herskovits aliipa fikra hiyo sura ya kitaaluma kwa kusisitiza kwamba Afrika Mashariki ng'ombe ni heshima na ibada kabla ya kuwa mali ya kuuzwa. Kasoro kubwa ya lawama hii ni kwamba inahesabu vichwa bila kuuliza ni ng'ombe gani. Maksai, jike mkongwe asiyeshika mimba na mtamba wa miaka miwili, kila mmoja anaandikwa kichwa kimoja. Mfugaji wa Kimaasai hakuhesabu hivyo. Alikuwa akiuza, na akiuza mara kwa mara. Aliyekataa kumtoa ni mtamba, na historia ya kaunti hii inaonyesha kwamba alikuwa na sababu nzito.

Sababu yenyewe inaanza na maafa. Katika miongo miwili ya mwisho ya karne ya 19 homa ya mapafu ya ng'ombe na sotoka zilifagia mifugo ya Wamaasai, kisha ndui ikawaangukia watu wenyewe. Kabla hawajasimama sawasawa ukaja mkataba wa 1904, halafu wa 1911, mikataba iliyowaondoa kwenye malisho ya Bonde la Ufa na Laikipia na kuwasukuma kusini. Aliyefilisika hakuwa na benki ya kumkopesha. Alikuwa na marafiki na wakwe, na walichompa kilikuwa mnyama wa kuzaa. Mpaji na mpokeaji wakawa wanaitana kwa jina la mnyama aliyetolewa, maisha yao yote, jambo linalotosha kuonyesha uzito wa deni hilo. Mtamba aliyekabidhiwa boma lingine alikuwa akiba iliyotawanywa. Ukame ukipiga upande wa Bissil, huenda uzao wake ukasalimika upande wa Loitokitok. Ukame wa 1960 na 1961, ulioua ng'ombe wengi mno Kajiado, ulilithibitisha somo hilo kwa kizazi ambacho hakikuiona sotoka.

Tufanye hesabu ambayo kila mwenye boma anaijua, hata kama hajawahi kuiandika. Ukame umeisha, ndama na mitamba wamekufa, wamebaki majike 10 waliokwisha kuzaa. Katika hali ya kawaida ya nyika tuseme 6 wanazaa mwaka huo. Nusu ya ndama ni madume, kwa hiyo wabaki majike 3, na mmoja afe kwa ndigana, njaa au fisi. Tumebakiwa na mitamba 2. Ng'ombe wa kienyeji malishoni huzaa kwa mara ya kwanza akikaribia miaka minne, kwa hiyo hao wawili hawataongeza ndama hata mmoja kwa miaka minne. Wakati huohuo majike wale 10 wanazeeka. Tukipoteza mmoja kila mwaka, ifikapo mwaka wa nne wako 6. Yaani boma lisilouza mtamba hata mmoja linapungukiwa majike wa kuzaa kwanza, ndipo lianze kupanda. Ukimwambia mwenye boma hilo auze mtamba mmoja kati ya wale wawili wa kila mwaka, unamwambia asiinuke tena, maana kinachoingia kitalingana na kinachotoka. Na ukame mkubwa haungoji miaka ishirini kurudi: Kajiado imepigwa 1984, 2000, 2009, kisha ikaja misimu mitano mfululizo ya mvua haba kuanzia 2020.

Serikali zilizofuatana hazikuingiza hesabu hii katika mipango yao. Mwaka 1938, ng'ambo ya mpaka wa Kajiado, Machakos ililazimishwa kupunguza ng'ombe, na kiwanda cha nyama cha Liebig pale Athi River kilikuwa tayari kuwapokea. Wakamba wa huko kwa maelfu, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walitembea hadi Nairobi na kukaa huko wiki kadhaa wakidai mifugo yao. Serikali ilirudi nyuma, lakini Mbingu akapelekwa uhamishoni Lamu. Vita vya Pili vya Dunia vikaleta ununuzi wa lazima kwa ajili ya jeshi, nao ulifika kwa Wamaasai pia. Baada ya uhuru, sheria ya 1968 ilianzisha ranchi za vikundi, na mpango ukawa kila kikundi kiwe na kikomo cha mifugo. Vikomo hivyo vilibaki kwenye karatasi. Watafiti wa kituo cha kimataifa cha mifugo, ILCA, walipokaa katika ranchi za Olkarkar, Merueshi na Mbirikani katika miaka ya 1980, walikuta boma zenye majike wengi kuliko madume, na sokoni wakienda zaidi madume, maksai na majike waliokwisha kazi. Watu hawa walikuwa wakipunguza mifugo. Walianza na wale ambao kuondoka kwao hakukati uzao.

Wapo wanaojibu kwamba hoja hii inasahau fedha: mfugaji angeuza mapema, aweke pesa, mvua ikirudi anunue wengine. Kwenye karatasi inapendeza. Sokoni, bei ya mtamba hupanda baada ya ukame kwa kuwa kila boma linamtafuta, na aliyeuza kwa bei ya hofu ananunua kwa bei ya uhaba. Mnunuzi wa serikali naye hakuwa wa kutegemewa. Tume ya Nyama ya Kenya, iliyoundwa 1950 na kushika kiwanda cha Athi River, ilifunga milango katika miaka ya 1990 na kufunguliwa tena 2006. Mwaka 2009 ilipoagizwa kununua ng'ombe wa ukame kwa shilingi 8,000 kila mmoja, wengine walifia nje ya kiwanda wakisubiri zamu. Bei ilikuwa moja kwa kila kichwa, kosa lilelile la kuhesabu. Aliyeleta mtamba alilipwa sawa na aliyeleta jike asiye na meno.

Pingamizi la nyasi ni zito zaidi, na silipuuzi. Ardhi ikichoka, mtamba bora hawezi kula hesabu. Lakini lazima tuulize malisho yalikwenda wapi. Ranchi ya kikundi ya Kitengela, hekta zaidi ya 18,000, iligawanywa mwaka 1988 kwa wanachama 214, wastani wa hekta 85 hivi kwa mtu. Mfugaji aliyekuwa akifuata mvua kutoka uwanda wa Athi hadi Kapiti akajikuta na kipande kimoja. Viwanda vya Athi River vikaleta watu, watu wakaleta viwanja, viwanja vikaleta seng'enge. Kuanzia 2000 ulijaribiwa mpango wa kukodisha ardhi kwa ajili ya wanyamapori, dola 4 kwa ekari kwa mwaka, malipo yakipangwa yaendane na karo za shule, ili mwenye ardhi asiweke ua wala asiuze. Ulisaidia, lakini bei ya kiwanja ilikuwa kubwa mno kushindana nayo. Mtamba alianza kuonekana mzigo Kitengela pale njia za kuhama zilipofungwa. Tabia ya mfugaji haikuwa imebadilika.

Kwa hiyo sikubali kwamba jibu ni moja kwa kaunti nzima. Shompole na Olkiramatian, ambako malisho bado yanatumiwa kwa zamu za misimu, mwenye boma ana haki ya kubakiza karibu mitamba wote. Mwenye hekta chache zilizozungushiwa ua Kitengela hana nafasi hiyo. Lazima achague, hasa akiwa na damu ya Sahiwal, mbegu iliyoletwa kutoka Bara Hindi tangu miaka ya 1930, yenye mwili mkubwa na maziwa mengi lakini inayotaka nyasi zaidi. Hapo ujuzi wa wazee una thamani kuliko mizani. Macho ya dalali yako mgongoni na kwenye shina la mkia. Mzee humuuliza mtamba habari za mama yake: alizaa kila mwaka au aliruka? Alitoa maziwa mwaka wa ukame? Chuchu zote nne zilikuwa hai? Ndama wake walifika kuachishwa? Mtamba mnene wa mama aliyezaa mara mbili katika miaka sita ndiye wa mnada, na mwembamba wa mama aliyevuka ukame akiwa na ndama ndiye wa kubaki. Akichaguliwa hivyo, na akauzwa mvua ikiwa bado ipo, boma halikatiki. Na serikali itakaponunua tena mifugo ya ukame, itangaze bei nzuri ya maksai na majike wakongwe miezi kadhaa kabla, ili mwenye boma apate karo na unga bila kumgusa mtamba.