Ndege za Mboya: Sehemu ya Stori Tunayoiruka

Kila Septemba, mafresha wakianza kubeba magodoro kuingia hosteli, lazima mtu apost kuhusu ndege za Tom Mboya. Poa sana. Shida ni kwamba stori huanza na ndege na kuishia kwa ndege, na kuna sehemu muhimu inarukwa.

Kwanza mambo mnayojua. Septemba 1959, ndege ilitua New York ikiwa na wanafunzi 81. Serikali ya mkoloni haikufurahia huo mpango; kwao Makerere ilitosha, hata kama nafasi zilikuwa za kuhesabika. Nauli ilitoka kwa michango. Jackie Robinson wa besiboli, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier walisaidia kuomba pesa. Mwaka wa 1960, wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000.

Sasa jiulize: kijana wa Nyeri au Kisumu, 1959, alijuaje ni chuo gani Marekani kinaweza kumkubali? Google haikuwepo. Kilichokuwepo ni watu waliotangulia. Mbiyu Koinange alifika Hampton, Virginia, mwaka wa 1927. Kariuki Njiiri alisoma Lincoln University. Julius Kiano alipitia Antioch, Stanford na Berkeley, akarudi nyumbani 1956 na shahada ya uzamifu. Kiano angeweza kukunja nne na digrii zake. Badala yake, yeye na Njiiri waliingia kwa huo mpango na Mboya, wakawafungulia wengine mlango waliopitia wao.

Na kuna vitu chuo hakiwezi kukuandikia kwa barua ya kukubaliwa. Wangari Maathai alienda 1960. Akiwa njiani kwa basi kuelekea chuo chake kule Kansas, yeye na wenzake walikataliwa kukaa ndani ya mkahawa huko Indiana, kisa rangi ya ngozi. Ni nani atakuandaa kwa kitu kama hicho, kama si mtu aliyekipitia?

Hapo ndipo nataka tuongee ukweli. Siku hizi fresha anapewa wiki moja ya hotuba, anaonyeshwa maktaba, halafu ajipange. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa noma, lakini pia marksi zangu za somo moja zilipotea, nikazungushwa ofisi hii na ile muhula mzima. Muda wa kulalamika ulipokwisha, msee wa mwaka wa nne akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba kulikuwa na fomu. Yeye alijua kwa sababu yake pia zilishawahi kupotea. Hakuwa na roho mbaya. Hakuna mtu alimwambia kuna fresha anahitaji kujua hicho kitu.

Najua mtu atasema hiyo ni kazi ya chuo, si ya wanafunzi. Ni kweli, na tuendelee kuwadai. Lakini mkuu wa kitivo hajui ni fundi gani wa simu hapo nje atakuibia, wala ni muhula gani pesa za mkopo huchelewa hadi watu wanalala njaa. Komredi wa mwaka wa pili anajua yote hayo.

Kwa hivyo kama uko mwaka wa pili kwenda juu, chukua fresha mmoja. Mmoja tu. Mpe namba yako, mwambie ahifadhi kila risiti na kila karatasi ya mtihani aliyorudishiwa, na umpigie wiki ya sita, ile wiki kelele za karibu zimeisha na upweke umeanza.

Na usiniambie unangoja ugraduate ndio usaidie mtu. Mboya alisoma mwaka mmoja tu Ruskin College, Oxford. Hakuwa na digrii alipokuwa akiwatafutia wengine nafasi ya kuipata.