Kutoa maoni si kupiga kura

1/ Kila msimu wa bajeti nasikia: "Mwananchi alishirikishwa." Sawa, lakini nani aliamua? Wacha niwapeleke Vermont, Marekani.

2/ Miji midogo ya huko ilirithi mkutano wa mji kutoka kwa walowezi wa New England wa miaka ya 1600. Jumanne ya kwanza ya Machi, wapiga kura hujaa ukumbini. Ajenda hubandikwa angalau siku 30 kabla.

3/ Bajeti inasomwa. Mtu anasimama: pesa za barabara zipunguzwe. Wanajadiliana, wanapiga kura, imeisha. Viongozi kazi yao ni kutekeleza.

4/ Si paradiso. Wanawake walipa kodi walipata kura hiyo 1917. Asiyeweza kuacha kazi au watoto hukosa sauti, ndiyo maana miji mingi imehamia karatasi za kura. Lakini karatasi ni ndiyo au la tu. Huwezi kurekebisha bajeti.

5/ Kwetu, Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe, ila bajeti ya kaunti hupitishwa na bunge la kaunti. Kwa hivyo ukiitwa kikao, uliza mapema: maoni yetu yakikataliwa, tutaelezwa sababu?