Mashini inazimika yenyewe? Angalia disiki kabla ya kuweka Windows upya

Mwanafunzi wa UNIGOM yuko anaandika kazi yake ya mwisho, duka la Birere linatunza madeni ya wateja ndani ya kompyuta. Siku moja skrini inageuka ya buluu, mashini inazimika, inawaka, inazimika tena. Wengi wanaambiwa: ni virusi, tuweke Windows upya. Kama ugonjwa uko kwa disiki, dawa hiyo njo inafuta kile ulichotaka kuokoa.

Ndani ya disiki ya kawaida kuna sahani inayozunguka mara 5,400 ao 7,200 kwa dakika. Kichwa cha kusoma kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo sana, hata unywele haupiti. Ukibeba laptop kwa taxi-moto juu ya barabara ya mawe ya volkeno, nayo haijazimika kabisa, kichwa kinaweza kugonga sahani. Umeme ukikatika wakati disiki inaandika, faili za mfumo zinabaki nusu. Kuna wanaosema ni urefu wa Goma kutoka baharini. Hapana: mji uko kwenye mita 1,500 hivi, na disiki nyingi zimetengenezwa kufanya kazi hadi mita 3,000. SSD haina sahani, haiogopi kutikiswa, lakini mara nyingi inakufa bila kupiga kelele.

Dalili ni hizi: folda moja inachukua dakika nzima kufunguka, disiki inalia tak-tak, ao skrini inaandika UNMOUNTABLE_BOOT_VOLUME ao KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR. Maneno hayo yanasema Windows imeshindwa kusoma disiki vizuri. Lakini waya iliyolegea ao memori mbovu inaweza kuleta maneno hayo hayo, kwa hiyo anza na kitu cha bei ndogo. Zima, chomoa umeme, kaza waya ya disiki, ikiwezekana ibadilishe.

Ikiwa inalia tak-tak, iache. Kila mara unapoiwasha inazidi kujikwaruza. Ikiwa hailie, washa mashini kwa Linux iliyo kwenye flashi, kopia kwanza faili za lazima kwenye disiki ingine. Kama kopi inakwama, programu ya GNU ddrescue inachukua fasi nzima kwanza, fasi mbovu inazirudilia baadaye.

Mafundi wengi wanakimbilia chkdsk /r. Amri hiyo inasoma disiki yote, na disiki iliyochoka inaweza kufia humo. Ifanye kisha kukopia, si mbele. Halafu fungua CrystalDiskInfo: kama hesabu ya sekta mbovu inapanda kila wiki, nunua disiki ingine, sababu kuformati hakuponyeshi chuma.

Ukipeleka mashini kwa fundi, mwambie wazi asifute kitu, na udai akurudishie disiki ya zamani. Madeni ya wateja wako yangali ndani.